Uwanja kwa Nje

Mtu wa Kibondo akisikia unakwenda Kigoma mjini atakuagiza kitu. Mawese, dagaa, migebuka mikavu, vitenge vya Kongo. Mama mmoja ninayefanya naye kazi katika kambi ya Nduta aliniagiza picha.

"Sista," akasema, "ukipita kwenye ule uwanja wa mpira, nipigie picha. Kwa nje."

Nikamuuliza kwa nini kwa nje. Akasema kwa ndani anaujua. Mwezi wa Tano mwaka 2015 alilala humo siku nne na watoto wake watatu. Aliingizwa usiku, akatolewa alfajiri kwa basi. Watoto wakimuuliza siku hizi, anaweza kuwaeleza nyasi zilivyokuwa, foleni ya uji, mahali walipotandika mkeka, na mtoto wa jirani aliyelia mpaka sauti ikakauka. Lakini hajui ukuta wa uwanja ule una rangi gani. "Nimelala Kigoma siku nne," akasema, "na Kigoma sijaiona."

Nikamwahidi. Ombi lenyewe lilikuwa dogo, simu ninayo, na tulikuwa tunakwenda huko huko. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mimi uwanja ule niliujua kwa nje tu. Mwezi huo huo wa Tano, mwaka huo huo, nilisimama getini nikitazama ndani.

Nduta iko wilaya ya Kibondo, juu huku kwenye miinuko ya Kigoma, mbali na ziwa. Ilipokea Warundi miaka ya 1990, ikafungwa, halafu Oktoba 2015 ikafunguliwa tena kwa sababu Nyarugusu ya kule Kasulu ilikuwa imefurika. Mimi ni muuguzi. Asubuhi gari la shirika linanichukua mjini, jioni linanirudisha. Yeye ni mhudumu wa afya wa kujitolea, anayepita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wanaoharisha na akina mama walioacha kliniki. Ananizidi umri, kwa hiyo namwita mama. Yeye ananiita Sista, kama manesi wote wanavyoitwa. Mimi ni Muha, yeye ni Mrundi, na Kiha changu na Kirundi chake vinasikilizana vizuri kuliko Kiswahili chetu sote wawili. Mgonjwa akieleza maumivu yake hatuhitaji mkalimani. Tofauti yetu ni kwamba saa kumi na moja jioni mimi napanda gari.

Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi anakaa eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka anahitaji kibali. Kwetu sheria hiyo watu wanaijua kwa hesabu moja: kilomita 4. Ukipita hapo, hata kama ulikuwa unatafuta kuni, una kesi. Kibali kipo, na nimewahi kusaidia kukifuatilia kwa wagonjwa wa rufaa. Ila katika miaka yote niliyofanya kazi pale sijasikia mtu akiomba kibali cha kwenda kutembea. Hata wazo lenyewe linachekesha. Utaandika nini kwenye sababu ya safari? Kuona ziwa?

Na neno letu lenyewe lina ujanja. Kutembea ni kupiga hatua, na kutembea ni kwenda mahali kwa ajili ya kupaona tu, bila shida iliyokupeleka. Yule mama kwa maana ya kwanza anatembea kuliko mtu yeyote ninayemjua, kutwa nzima juani na daftari lake. Kwa maana ya pili hajatembea tangu 2015.

Siku moja yalipita magari meupe mawili yenye wageni, wakashuka, wakaonyeshwa kisima, wakapiga picha na watoto, wakaondoka. Akayafuata kwa macho, akasema bila hasira yoyote: "Wageni huja kutuona. Sisi hatuendi kumwona mtu."

Basi. Tulisafiri jioni ya kuamkia Sabasaba ya mwaka 2023. Mume wangu ni mwalimu, shule zilikuwa likizo, na watoto wetu wawili walikuwa hawajawahi kuona ziwa. Tulimchukua na mama mkwe, ambaye alikuwa ameliona mara moja tu, akiwa msichana. Njiani, kabla ya Kasulu, basi lilisimamishwa kwenye kizuizi, akapanda mtu wa ukaguzi kuangalia vitambulisho. Mimi na mume wangu hakutuangalia sana. Kwa mama mkwe alisimama. Kiswahili chake kina Kiha kingi, naye alipojibu anatoka kijiji gani, yule mtu akarudia swali. Mama mkwe akafungua fundo la khanga taratibu, akatoa kitambulisho cha taifa, akakinyoosha bila kumtazama. Safari ikaendelea. Mjukuu wake akamuuliza kwa nini anakifunga kwenye khanga. Akamjibu: "Nisikipoteze, nikapelekwa Burundi."

Basi zima likacheka, nami nikacheka pia. Kilomita kumi mbele nikawa sicheki tena.

Tulilala kwa dada yangu, Mwanga. Asubuhi tukanywa chai na vitumbua, tukateremka mjini. Anayeijua Kigoma anajua ule mteremko: barabara inashuka kati ya maduka, watu, bajaji na miembe, mpaka inakutana na stesheni ya reli, na nyuma ya stesheni kuna maji. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na miaka minne. Alisimama ghafla akanishika mkono. Kwetu maji ni kitu cha kubebwa, yana ndoo na yana zamu. Akauliza, "Mama, nani ameyachota yote haya?"

Baba yao akaanza somo. Hakuna siku ya mapumziko kwa mwalimu. Stesheni hii ni ya Wajerumani, reli imetoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,200 na ikafika hapa mwaka 1914. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, linapitwa na moja tu duniani. Ng'ambo ile yenye milima ya bluu ni Kongo. Mama mkwe alikaa kwenye ukingo wa saruji, akavua viatu, akasema milima ile ni kama ya kwetu, hakuna haja ya kulipa nauli. Lakini hakuyatoa macho majini kwa saa nzima.

Bandarini tukaiona Liemba kwa mbali. Ilikuwa imesimama siku nyingi ikisubiri matengenezo, lakini hata ikiwa imesimama ina heshima yake. Mume wangu aliisimulia vizuri, lazima nikiri. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaungwa hapa Kigoma ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wanashindwa vita waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, aliuliza kama waliokuwamo walizama nayo. Hapana, akajibiwa, ilizamishwa tupu. "Kwa hiyo ilizama halafu ikafufuka," akasema, na jambo hilo likawa limekwisha kwake.

Kwangu ndiyo kwanza lilianza.

Mwaka 2015 nilikuwa nasoma, nikikaa kwa dada huyu huyu. Mwisho wa mwezi wa Nne rais wa Burundi alitangazwa kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, na watu wakaanza kuvuka. Wengi walikimbilia Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, ambacho nyuma yake kuna mlima mkali na mbele yake kuna maji. Makumi ya maelfu ya watu walirundikana kwenye kipande kile cha mchanga. Vyoo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa majini. Liemba, meli ya abiria wapatao 600, ikawa inakwenda na kurudi, ikiwabeba kuwaleta Kigoma mjini, wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi, halafu Nyarugusu.

Mimi na wenzangu wawili tulisikia meli inaingia. Baada ya vipindi tukateremka. Neno tulilotumia, nalikumbuka vizuri, lilikuwa "twende tukashangae". Mtaani kushangaa ni hivyo: kusimama na kutazama jambo lisilokuhusu. Tulinunua karanga za kukaanga, zile za kufungwa kwenye karatasi. Tukasimama mahali penye kivuli. Watu wakashuka na magodoro yaliyokunjwa, masufuria, kuku mmoja, watoto mgongoni, watu waliobebwa kwa sababu walikuwa hawawezi kusimama. Nikampiga picha mwanamke mwenye sufuria kichwani, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Wakajibu kwa vile vikaragosi vya kulia. Kesho yake tukaenda uwanjani, tukachungulia getini. Sikutoa kitu. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nasomea uuguzi na mbele yangu kulikuwa na ugonjwa ambao juma hilo hilo tulikuwa tumeufundishwa darasani, nami nikawa nakula karanga.

Simu ile iliibiwa mwaka uliofuata na picha ikaenda nayo. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba jambo lenyewe limekwenda nayo pia.

Sasa niko pale pale na watoto wangu, tunashangaa. Mkononi nina simu nyingine. Je, kuna tofauti gani?

Mchana tulikwenda Ujiji, maana huwezi kumleta mtoto Kigoma usimwonyeshe mwembe wa Livingstone. Miembe iliyopo ni vizazi vya ule wenyewe, ambao ulikufa. Kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, na kuna jumba la makumbusho lenye masanamu mawili makubwa, Livingstone na Stanley wakisalimiana kama walivyokutana mwaka 1871. Watoto walipenda kofia. Mimi nilipenda kitu kingine: zamani maji yalifika karibu na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilijifungulia njia upande wa Kongo, kwenye mto Lukuga, likashuka, na ufukwe ukarudi nyuma. Sasa mnara umebaki nchi kavu na kutoka hapo unatembea kwenda kutafuta maji.

Kuna na miembe mingine, ile ya njia ya misafara. Ujiji haikuwa maarufu kwa sababu ya salamu ya wazungu wawili. Ilikuwa kituo. Watu walikamatwa Manyema na kwingineko ng'ambo, wakavushwa kwa mitumbwi, wakapumzishwa hapa, kisha wakafungwa shingoni na kuanza safari ya Tabora na Bagamoyo. Mume wangu aliwaeleza watoto kwa sauti ya chini. Binti akauliza walikuwa wanakwenda wapi. Bagamoyo, akajibiwa, baharini, mbali kuliko Dodoma.

Yule mdogo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiambiwa kwamba tumekuja kutembea, akauliza: "Na wao walikwenda kutembea?"

Baba yake akafungua mdomo, akaufunga. Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Walitembea," akasema, "lakini hawakwenda kutembea."

Kisha tukapiga picha ya familia chini ya mwembe. Nasema hivi bila kujisuta, picha ni nzuri na iko ukutani kwetu. Ila swali lilikuwa limeshaingia. Kwa nini hii ni halali na ile ya bandarini ni aibu? Jibu la haraka ni muda. Imepita zaidi ya miaka 150, vidonda vimekuwa historia, na historia ina kiingilio na tiketi. Lakini jibu hilo lina sura mbaya. Linamaanisha kwamba mateso ya mtu ni suala la kungoja. Inabidi ipite miaka mingapi ndipo Kagunga pawe kivutio? Atakayeuza tiketi atakuwa mjukuu wa aliyeharisha pale, au mjukuu wangu mimi niliyekula karanga?

Tulipokaa kula, migebuka na ugali wa muhogo, nilimweleza mume wangu. Hakuwa anajua habari ya karanga, sikuwahi kumwambia mtu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu cha busara, na hicho ndicho kilichoniudhi. Alisema kama kila mtu ataacha raha kwa sababu kuna asiyeweza kuipata, basi raha itakwisha duniani na yule asiyeipata hatafaidika hata punje. Yule mama wa Nduta hatalala vizuri zaidi kwa sababu watoto wako hawajaona ziwa. "Ulikuwa msichana," akasema. "Kila mtu alikwenda kutazama. Mji mzima ulikuwa pale."

Hayo yote ni kweli, na hayakunitosha. Sikuwa nauliza kama nina haki ya kufurahi. Nilikuwa nauliza kuhusu macho.

Mama mkwe alikuwa anachambua miba ya samaki wa mjukuu. Alisema, kama anayezungumza na samaki, kwamba mwaka 1993, Ndadaye alipouawa, Warundi walifika kwao usiku. Walilala kwenye migomba yake. Asubuhi alikuta watu wengi kuliko migomba. "Hatukwenda kuwashangaa," akasema. "Wangetukuta wapi? Tulikuwa nyumbani. Walituona tulivyovaa, walituona na vyungu vyetu vitupu. Nilikuwa na viazi, nikachemsha. Vilipokwisha nikawaambia vimekwisha, wakaona na chungu."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi. Tuna namna mbili za kwenda kuona watu. Tunakwenda kumwona mgonjwa, na tunakwenda kushangaa ajali. Macho ni yale yale, hata udadisi nadhani ni ule ule. Nani asiyetaka kujua mgonjwa amekonda kiasi gani? Lakini kwa mgonjwa unabisha hodi. Unakaa. Unaulizwa habari za kwako na unajibu. Anaona umekuja na nini mkononi, au umekuja mikono mitupu, na utaondoka akiwa na la kusema juu yako. Kwenye ajali unasimama nyuma ya watu. Unaona bila kuonekana. Ukiondoka hakuna atakayesema ulikuwapo. Kilichokuwa kibaya bandarini si macho yangu, wala hata karanga, ingawa karanga ndizo zinazorudi usiku. Ni kile kivuli tulichokichagua. Tulichagua mahali ambapo wao tungewaona na wao wasingekuwa na sababu ya kutuona.

Na kwa kipimo hicho Ujiji nayo haikutoka safi. Jioni tulipokuwa tunaondoka, wazee walikuwa wamekaa barazani na kofia zao, wengi wao kizazi cha watu waliovushwa kutoka Manyema, wakitutazama tunavyotafuta bajaji na mfuko wa makombo ya samaki. Nilisalimia shikamoo. Wakaitikia marahaba, mmoja akauliza tumetoka wapi. Kibondo, nikasema. "Mmekuja kutuona," akasema, na sijui hadi leo kama alikuwa anakaribisha au anahesabu.

Uwanja tulifika saa kumi na moja. Mume wangu alikuwa ameusubiri kuliko ziwa, maana Mashujaa walikuwa wamepanda Ligi Kuu na mji wote ulikuwa unaimba jina lao. Alitaka watoto wauone mahali ambapo Simba na Yanga zitakuja kucheza. Wakati anawaeleza, mimi nilivuka barabara ili ukuta wote uingie kwenye picha. Nikapiga geti. Nikapiga pembeni, kibao cha jina, mti, muuza maji, pikipiki zilizoegeshwa. Binti yangu akaja akaniuliza kwa nini napiga picha ukuta.

"Kuna mtu ameniagiza."

"Ukuta?"

"Ukuta."

Akafikiri. "Mwambie una vumbi," akasema, akarudi kwa baba yake.

Nilipiga picha kumi na moja. Ningepiga na zaidi, ila nilijikuta nimesimama karibu na mahali nilipokuwa nimesimama 2015, au nilidhani ndipo, na mkono ukawa mzito.

Usiku ule kwa dada nilikuwa na maswali mawili, na hili la pili lilikuwa jipya. La kwanza, nimsimulie kiasi gani? Maana kuna ukarimu ambao ni ukatili. Kumwambia aliyefungiwa kwamba upepo wa ziwani ulikuwa mtamu, kwamba mwanangu aliuliza nani ameyachota maji. Na ziwa lile ni lake kuliko langu. Yeye ni mtu wa Nyanza-Lac, amezaliwa akisikia mawimbi, usichana wake Jumapili walikuwa wanakwenda Bujumbura kukaa ufukweni kwa ajili tu ya kukaa. Mimi ni mtu wa milimani niliyetoa nauli. Nilifikiri nimpe picha za ukuta, nimwambie tulikwenda kwenye shughuli za kifamilia, yaishe.

Lakini huko nako ni kumfungia. Kilomita 4 zimewekwa na sheria. Je, na mimi nimwekee uzio wa habari kwa kumhurumia? Alikuwa ameomba kuona. Hakuwa ameomba kuhurumiwa.

Swali la pili: nimwambie nilikuwapo?

Jumatatu nilimkuta chini ya mti nje ya kliniki, anasubiri daftari lisainiwe. Nikamsimulia Kigoma yote. Alicheka kwa swali la mtoto mpaka akajishika mbavu, akalitafsiri kwa Kirundi kwa wenzake, nao wakacheka. Akauliza maswali ya mtu wa ziwani, ambayo sikuweza kuyajibu: upepo ulikuwa unatoka upande gani, dagaa walikuwa wadogo au wamekomaa, mitumbwi ilikuwa imetoka usiku au mwezi ulikuwa mkubwa. Aligundua haraka kwamba nimeliona ziwa kama mtu anavyoona kalenda.

Kisha, wenzake walipoingia ndani, nikamwambia. Sikulipamba. Nilisema nilikuwa bandarini mwezi ule, nilisimama kivulini nikala karanga nikawatazama mkishuka, na kesho yake nikaja getini. Nilisema na habari ya picha na kundi la WhatsApp. Nilikuwa nimejiandaa anichukie kidogo, na nikiwa mkweli, nilikuwa nimejiandaa pia anisamehe.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka dawa ya mgonjwa fulani.

"Sikuwaona," akasema. "Walikuwapo watu?"

"Wengi."

"Mimi nilikuwa natazama nyuma. Mume wangu alikuwa amebaki Kagunga kwenye foleni ya meli inayofuata. Nilikuwa nawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, nikidhani labda ameingia bila mimi kujua." Akanyamaza. "Watu wa kivulini sikuwaona, Sista. Pole."

Alisema pole. Kwangu. Miaka minane nilikuwa nimembebesha yule mwanamke wa bandarini macho yanayonihukumu, na macho yake hayakuwa na nafasi yangu kabisa. Hata katika aibu yangu nilikuwa nimejiweka katikati ya uwanja. Mume wake alifika na meli ya pili baada ya hapo, ikiwa mnataka kujua. Mimi nilitaka kujua, na nikauliza, kwa mara ya kwanza.

Akaomba simu. Nikamfungulia picha. Alizipitisha zote kumi na moja kwa kidole, polepole, akairudia ya geti, akaitanua mpaka ukuta ukawa vinukta, akaipunguza tena. Nilimwambia binti yangu anasema una vumbi. Hakusikia.

"Kumbe ni kadogo," akasema.

Akanirudishia simu, akachukua daftari lake, akasimama. Alikuwa na nyumba kumi na nne za kupita kabla ya saa sita. Alipofika kwenye kona ya kliniki akageuka.

"Na migebuka? Siku hizi bei gani?"